Herufi Kubwa

Radi ya Jumatatu haikugonga mti.
Ilifuata waya wa nguzo hapa Amalemba,
ikaingia sebuleni bila hodi
na kuiacha ruta yetu ikinuka kama ugali ulioshika sufuria.

Alhamisi kampuni ikaleta nyingine,
nyeupe, taa zote kijani.
Simu yangu ikaelewana nayo papo hapo.
Lakini kile kisanduku cheusi nyuma ya runinga,
alichotununulia Muhonja kabla hajahamia Eldoret,
kilikataa katakata.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kama fahali wa kambani
aliyekwisha kula majani yote anayoyafikia.

"Zima, Mama. Hesabu thelathini. Washa."
Nikazima, nikahesabu, nikawasha.
"Chomoa kabisa." Nikachomoa.
Nikaihamisha ruta mbali na kabati la masufuria,
nikaikalisha juu ya kamusi tatu,
nikapuliza matundu yake kwa pumzi niliyobakiwa nayo.
Kiduara.

"Basi chukua rimoti, ukipe jina la mtandao mpya."
Rimoti, mwanangu?
Rimoti imo chooni, choo cha shimo, tangu Pasaka.
Shitanda aliitumbukiza ili asikie mlio wake.
Anasema haukuwa mkubwa.

Kwenye kochi, Indangasi ananitazama.
Mkono wake wa kulia umelala tangu kiharusi,
maneno yanamtoka moja moja
kama maji ya mfereji siku ya mgao.
Hataki habari. Hataki mahubiri.
Anataka mafahali wa Khayega:
isukuti, vumbi, wanaume wanaokimbia na matawi,
asubuhi zile ambazo miguu yake haizifikii tena.
Siku nne ametazama kioo cheusi
na kujiona mwenyewe ndani.

Nikampigia Imbuka, fundi wa kampuni.
Akacheka, si kwa dharau.
"Mwalimu, kisanduku hakimjui huyu mgeni.
Bado kinamwita marehemu.
Kwa kuwa huna rimoti, huwezi kukifundisha jina jipya.
Mpe mgeni jina la marehemu,
na neno la siri lile lile."

Jina nililijua, alilichagua mwenyewe:
Ngurumo, fahali wa baba yake.
Neno la siri sikuwahi kuambiwa.
Nikamgeukia.
Midomo ikahangaika. Jasho likamtoka.
Shitanda akazima redio bila kutumwa.
"Haku," akasema. "Hakurudi."
Tukangoja.
"Nyuma."
Kisha mkono wa kushoto: vidole vitano, viwili.
Akapumzika.
Vitano, vitatu.

Nikaandika ngurumo.
Nikaandika hakurudinyuma78.
Nikahesabu thelathini, nikaongeza kumi za wasiwasi.
Kiduara.

"Umeandikaje jina?" akauliza Imbuka.
Nikamsomea, nikamwambia kila herufi ilivyo.
Kimya. Nikadhani salio limekwisha.
Kisha, kwa sauti ya mtoto wa darasa la tano:
"Mwalimu... jina la pekee..."

Miaka thelathini na mmoja mbele ya ubao
nimelizungushia kosa hilo duara jekundu,
nimekata nusu alama,
nimewaliza watoto wa watu.
Imbuka alikuwa mmoja wao.

N kubwa.
Hifadhi.
Kiduara kikazunguka mara mbili, kikasita
kama mtu aliyesikia akiitwa njiani,
kikatoweka.

Mafahali walikuwa pale pale radi ilipowakatiza,
pembe kwa pembe tangu Jumatatu,
na hakuna aliyekuwa amechoka.
Vumbi likapanda. Isukuti ikajaa nyumba.
Nikasimama katikati ya sebule, simu mkononi,
nikingoja kushukuriwa.

"Songa," akasema Indangasi,
"unaniziba."